Kadi Kumi na Tisa

Jumapili jioni, vyombo vikishaoshwa,
nazipanga mezani kama mtu anayeanika makopa:
kumi na tisa, uso juu, zisilaliane.
Nje theluji ya Hamilton inashuka bila haraka,
basi la Mtaa wa Barton linapita na taa zake, halina abiria.

Mume wangu Hoza huuliza kila wiki,
"Leo nani anadai?"
Namjibu hadai mtu. Wanangoja tu.

Ya bluu ni ya petroli, inarudisha senti tatu kwa kila dola.
Ya kijani ni ya chakula, ila si kwa Msomali pale kona;
yeye hataki kadi, anataka noti na habari za nyumbani.
Hii yenye picha ya ndege imebeba pointi elfu sitini na mbili,
haijanirusha hata mpaka Montreal.
Hii niliichukua kwa ajili ya begi la bure.
Begi lilikufa zipu mwezi Machi.
Hizi nne sizikumbuki vizuri. Nimezibandika plasta za kidonda,
nikaandika kwa kalamu:
tarehe tano, tarehe tano, tarehe tisa, USIGUSE.

Husemwa kukopa harusi, kulipa matanga.
Mimi nalipa kabla bibi harusi hajavaa viatu.
Riba hainijui kwa sura.
Miaka kumi na moja sijachelewa hata siku moja.
Uongo: mara moja, Februari ile ya homa,
nilichelewa saa sita, nikapiga simu nikilia,
na kijana wa upande wa pili akasema, "Mama, si kitu,"
akanifutia faini,
akaniuliza kama nina mtu wa kunipikia supu.

Lakini hii ya kijivu, iliyomeguka kona,
hii ndiyo ya kwanza.
Kikomo chake dola mia tatu.
Nilikuwa nasafisha hospitali usiku, kule juu mlimani,
tunalala wanawake wanne chumba kimoja.
Bahasha ikaja. Ndani yake jina langu limekosewa:
si TUNU. TUNA.
Tuna Mbelwa.
Nilicheka peke yangu kwenye ngazi. Tuna! Tuna nini?
Tuna sufuria moja na koti la kupokezana.
Sikupiga simu kusahihisha. Niliogopa
wakiitazama vizuri wataichukua.

Tangu hapo naitunza kama mgonjwa aliyekataa chakula:
kila miezi mitatu, ndizi moja,
senti ishirini na nane, mashine inalia ti,
binti wa kaunta anageuza macho.
Kwani kadi ya kwanza ndiyo umri wako hapa;
ikifungwa, unarudi kuwa mgeni wa jana.

Mwaka huu dada yangu alifariki, Korogwe.
Nikaenda, nikakaa matanga, nikakaa arubaini,
nikagawa kanga zake, nikakaa mpaka mahindi yakavunwa.
Kumi na nane zilijilipa zenyewe, nilikuwa nimezifundisha.
Ya kijivu haikuwa na deni.
Ilikuwa na njaa.

Barua imekuja Alhamisi.
Kwa Bi Tuna Mbelwa: kwa kuwa huitumii,
tumeifunga akaunti yako. Asante kwa miaka yote.
Alama zangu zimeshuka ishirini na tatu.
Hoza anasema zitapanda,
anasema hata nyumba tulishapata, sasa unataka wakuamini mara ngapi?
Sina jibu. Nimechukua mkasi wa kukatia kuku.

Nimekata namba. Nimekata ule mstari mweusi wa mgongoni.
Kipande chenye jina kimebaki kiganjani,
herufi zimelainika kwa kusuguliwa, ila kidole bado kinazisoma.

Kesho ni tarehe tano, zipo mbili za kulipa.
Nimekirudisha kipande kwenye pochi, nyuma ya ile ya ndege,
mahali pake pa siku zote.
Kumi na nane, na pochi bado haifungi.